Kosa la Utabiri Liaminiwe kwa Kiasi Gani? Shajara ya Mradi

Februari: swali na kanuni ya kuanzia

Mradi huu unajenga vitu viwili vinavyotegemeana. Cha kwanza ni programu ndogo ya kompyuta inayoendesha kanuni za kujifunza zilizotokana na uchunguzi wa ubongo na wa tabia za wanyama, na kuzilinganisha na kanuni ambazo watabiri wa mahitaji ya bidhaa, wa hali ya hewa na wa uchumi huzitumia kazini. Cha pili ni daftari la utabiri, yaani kumbukumbu ambamo kila utabiri unaandikwa kabla ya tokeo lake, pamoja na uwezekano wake na tarehe ya kuuhukumu. Swali linaloviunganisha ni moja: utabiri ukikosea, kosa hilo liaminiwe kwa kiasi gani? Mtabiri akiliamini lote, atayumbishwa na kila jambo la nasibu. Akilipuuza, atabaki na makisio ya dunia ambayo imekwisha kubadilika.

Kanuni ya kuanzia ni fupi. Makisio mapya ni makisio ya zamani yakiongezwa sehemu fulani ya kosa, na kosa ni tokeo halisi ukiondoa makisio ya zamani. Sehemu hiyo ya kosa ndiyo kiwango cha kujifunza, namba iliyo kati ya 0 na 1. Makisio yakiwa 20, tokeo likawa 30, na kiwango cha kujifunza kikawa 0.1, makisio mapya ni 21. Programu ilianza na mstari huo mmoja, na sehemu kubwa ya kazi iliyofuata imekuwa kuuliza nini kifanyike kwa hiyo 0.1.

Kinachonivutia ni kwamba mstari huohuo ulifikiwa kutoka pande mbili zenye mahitaji tofauti kabisa. Robert Bush na Frederick Mosteller waliuandika mwaka 1951 walipokuwa wakieleza jinsi uwezekano wa mnyama kutenda jambo unavyopanda na kushuka baada ya kila jaribio, na mwaka 1972 Robert Rescorla na Allan Wagner wakaupanua kwa ajili ya majaribio yenye ishara nyingi kwa pamoja. Katika miaka hiyohiyo ya 1950, Robert Brown, aliyefanya kazi kwa Jeshi la Majini la Marekani, aliutumia kutabiri mahitaji ya vipuri ghalani, na Charles Holt akaongeza mwaka 1957 namna ya kufuata mwelekeo wa kupanda au kushuka. Mchunguzi wa panya na mtunza ghala walikuwa wakikokotoa kitu kilekile: wastani unaozipa habari za karibuni uzito mkubwa, na za zamani uzito unaofifia hatua kwa hatua.

Machi: ishara ya kosa ndani ya ubongo

Kazi ya mwezi huu ilikuwa kuingiza muda katika programu, na mwongozo wake ulitoka kwenye nyuroni, yaani seli za neva, zinazotoa dopamini, kemikali inayobeba ujumbe kati ya seli, katika ubongo wa kati. Wolfram Schultz na wenzake walirekodi nyuroni hizo katika kima waliokuwa wakipewa matone ya juisi, na matokeo yao, yaliyounganishwa na nadharia katika makala ya mwaka 1997 ambayo Schultz aliandika pamoja na Peter Dayan na Read Montague, yana sehemu tatu ambazo ni lazima zisomwe pamoja. Juisi ikija bila kutarajiwa, nyuroni hulipuka kwa mipigo ya haraka. Mnyama akishajifunza kwamba ishara fulani hutangulia juisi, mlipuko huhamia kwenye ishara, na juisi yenyewe ikija kwa wakati wake haileti mabadiliko. Ishara ikitolewa lakini juisi isije, mipigo hupungua chini ya kawaida katika wakati uleule ambao juisi ilipaswa kufika.

Sehemu ya tatu ndiyo yenye uzito kuliko zote kwa mradi huu. Hakuna kitu chochote kilichotokea wakati ule: hakuna mwanga, hakuna mlio, hakuna tone. Hata hivyo nyuroni zilibadilika, kwa sababu ndani ya ubongo kulikuwa na matarajio yenye saa yake, na ukimya wa saa ile ukawa habari. Utabiri usio na muda wa kutimia hauwezi kuzaa kosa la aina hiyo. Unabaki ukisubiri milele, na hakuna siku utakapoonekana kuwa haukutimia. Kwa sababu hiyo daftari la utabiri sasa linakataa ingizo lolote lisilo na tarehe ya mwisho.

Kanuni ya Rescorla na Wagner haisemi lolote kuhusu mwendo wa muda ndani ya jaribio moja, kwa hiyo niliandika kanuni ya tofauti za muda ambayo Richard Sutton aliieleza mwaka 1988. Humo kosa halingoji tokeo la mwisho. Katika kila hatua, kosa ni thawabu iliyopatikana sasa, ukijumlisha matarajio mapya, ukiondoa matarajio ya hatua iliyotangulia. Maana yake, badiliko la matarajio lenyewe linahesabiwa kuwa kosa. Nilipanga ishara itokee hatua ya kwanza na thawabu ije hatua ya kumi. Katika jaribio la kwanza kosa linaonekana kwenye thawabu pekee. Katika majaribio yanayofuata linaanza kutokea hatua moja mapema kila mara, likirudi nyuma hadi kufika kwenye ishara. Kwa miaka mingi kurudi huko kwa hatua kulionekana zaidi katika hesabu kuliko katika ubongo, mpaka utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2022 ulipoonyesha dopamini ikisogea taratibu kutoka kwenye thawabu kuelekea kwenye ishara wakati wa kujifunza.

Jambo hili lina matumizi ya moja kwa moja kwa mtabiri, na nadhani halitiliwi maanani ipasavyo. Utabiri mwingi hurekebishwa mara kadhaa kabla ya siku yake: makisio ya mwezi huu kuhusu mwisho wa mwaka hubadilika mwezi ujao, na tena mwezi unaofuata. Kila rekebisho ni kosa la tofauti za muda. Mtabiri aliyekwisha kutumia habari zote alizonazo hawezi kujua mapema rekebisho lake lijalo litaelekea juu au chini, kwa sababu angejua, angelifanya leo. William Nordhaus alitumia hoja hiyo mwaka 1987 kuchunguza utabiri wa aina mbalimbali, akakuta kwamba marekebisho huelekea kufuatana upande mmoja: watabiri husogea kidogokidogo kuelekea mahali ambapo habari zimekwisha kuwaonyesha. Dosari hiyo inaweza kugunduliwa kabla ya tokeo halijajulikana, kwa kutazama marekebisho peke yake. Nimeongeza kwenye daftari safu ya marekebisho na hesabu ndogo inayouliza kama alama ya rekebisho la leo, iwe ya kuongeza au ya kupunguza, inafanana na ya lililopita mara nyingi kuliko nasibu ingevyoruhusu.

Suala moja la kitaalamu limebaki wazi upande wa ubongo. Nyuroni za dopamini hupiga mara chache tu kwa sekunde zinapokuwa katika hali ya kawaida, kwa hiyo zina nafasi kubwa ya kupanda na nafasi ndogo ya kushuka. Kosa la upande wa hasara halina wigo sawa na la upande wa faida. Nitarudi kwenye jambo hili chini.

Aprili: ishara mbili, kosa moja

Leon Kamin, mwishoni mwa miaka ya 1960, aliwafundisha panya kwamba kelele hutangulia mshtuko wa umeme, kisha akawapa kelele na mwanga kwa pamoja kabla ya mshtuko uleule. Mwanga ulitangulia mshtuko kwa uaminifu kila mara, lakini panya hawakujifunza chochote cha maana kuuhusu. Kelele ilikuwa imekwisha kuutabiri mshtuko, kosa halikuwapo, na pasipo kosa hapana kujifunza. Kutokea pamoja, hata kwa ukamilifu, hakukutosha.

Rescorla na Wagner walilieleza hili kwa badiliko moja katika mstari: kosa hukokotolewa kutokana na jumla ya matarajio ya ishara zote zilizopo, si ya kila ishara peke yake. Programu inalitoa tokeo la Kamin bila kuongezewa kitu. Inatoa pia jambo linaloshangaza zaidi. Ishara mbili zikifundishwa kila moja peke yake hadi zote zitarajie thawabu ya 100, kisha zikaonyeshwa pamoja na kufuatwa na thawabu ileile ya 100, jumla ya matarajio ni 200 na kosa ni hasi 100. Matarajio ya ishara zote mbili yanashuka, ingawa thawabu haikupungua hata kidogo. Majaribio ya wanyama yameonyesha kushuka huko.

Upande wa nyuroni, Pascale Waelti, Anthony Dickinson na Schultz walionyesha mwaka 2001 kwamba nyuroni za dopamini za kima zinaitikia ishara iliyozuiwa, yaani ile ambayo, kama mwanga wa Kamin, inaambatana na ishara iliyokwisha kulitabiri tokeo, kwa namna inayolingana na kanuni hii. Mwaka 2013 Elizabeth Steinberg na wenzake walikwenda mbali zaidi: waliziamsha nyuroni za dopamini za panya kwa mwanga wakati wa thawabu iliyokwisha kutarajiwa, na ishara ya pili, ambayo kwa kawaida isingejifunzwa, ikajifunzwa. Hapo kosa lilipandikizwa kwa mkono wa mtafiti na kujifunza kukafuata. Ninaupa utafiti huo uzito mkubwa kwa sababu unatenganisha kuambatana na kusababisha.

Kwa utabiri wa kazini, somo linahusu kuongeza vigezo, yaani aina mpya za habari ambazo modeli inazitumia kutabiri. Kigezo kipya kinaweza kuambatana sana na tokeo na bado kisiongeze chochote, kwa kuwa kinarudia yale ambayo modeli inayajua. Kipimo chake sahihi ni kama kinaeleza makosa yaliyobaki, si kama kinaeleza tokeo. Programu sasa inakiangalia kila kigezo kipya dhidi ya makosa hayo kabla ya kukiingiza. Sehemu hii ilikwenda haraka, na sina zaidi la kuandika.

Mei: kiwango cha kujifunza

Huu ndio mwezi ambao mradi ulifika kwenye kiini chake, na shajara hii itakaa hapa kwa kirefu.

Nilianza kwa kupima bei ya kila kiwango. Chukua mfululizo wa namba ambao wastani wake halisi haubadiliki, lakini kila kipimo kina msukosuko wa nasibu. Kiwango cha kujifunza kikiwa 0.1, makisio yataendelea kuyumba kwa takriban asilimia 23 ya mchepuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko) wa msukosuko huo, kikiwa 0.5, yatayumba kwa takriban asilimia 58. Sasa ubadilishe wastani ghafla. Mwenye kiwango cha 0.1 anahitaji hatua 22 kufidia asilimia 90 ya pengo, na mwenye 0.5 anahitaji hatua 4 tu. Hakuna namba moja inayoshinda kote. Utulivu unanunuliwa kwa uzito wa kubadilika, na wepesi wa kubadilika unanunuliwa kwa kuyumba.

John Muth alionyesha mwaka 1960 ni wakati gani kanuni hii yenye kiwango kisichobadilika ndiyo bora kuliko zote: pale ambapo wastani halisi unatembea kwa nasibu, hatua kwa hatua, na juu yake kuna msukosuko wa vipimo. Katika mwaka huohuo Rudolf Kalman alichapisha njia ya jumla ya kuchanganya makisio na vipimo, na ndani yake kiwango cha kujifunza hakichaguliwi kwa kubahatisha, bali hutokana na mashaka. Chukua mraba wa mashaka ya makisio, uugawe kwa jumla ya mraba huo na mraba wa mashaka ya kipimo; jibu ndilo sehemu ya kosa inayopaswa kuaminiwa. Mraba wa kwanza ukiwa 4 na wa pili 12, sehemu hiyo ni 4 kwa 16, yaani 0.25. Asiyejiamini huliamini kosa, na asiyeliamini kosa ni yule anayejiamini au anayejua kwamba chombo chake cha kupimia ni kibovu.

Hesabu hiyo inatoa namba zinazofaa kukumbukwa. Katika mfululizo wa aina ya Muth, badiliko la wastani halisi kwa kila hatua likiwa na ukubwa sawa na msukosuko wa vipimo, kiwango bora kinatulia kwenye takriban 0.62. Badiliko hilo likiwa sehemu ya kumi tu ya msukosuko, kiwango bora ni karibu 0.1. Maana yake, anayechagua 0.1 au 0.5 kwa mazoea anatoa dai kuhusu dunia anayoitabiri, hata kama hajui kwamba ametoa dai hilo. Ndiyo sababu sasa programu inamtaka mtumiaji aandike kwanza anaamini wastani unabadilika kwa kasi gani na vipimo vina msukosuko kiasi gani, kisha yenyewe inakokotoa kiwango.

Ugumu wa kweli unaanza pale mambo hayo mawili yenyewe yanapobadilika. Kosa kubwa lina tafsiri mbili zinazopingana. Linaweza kuwa ajali ya kipimo kimoja, na basi halifai kuaminiwa. Au linaweza kuwa dalili kwamba dunia imehama, na basi linafaa kuaminiwa kuliko makosa yote ya nyuma. Ukubwa wa kosa peke yake hautofautishi tafsiri hizo. Kinachotofautisha ni kile kinachokuja baada yake.

D. W. Trigg alipendekeza mwaka 1964 kufuatilia makosa kwa wastani mbili: mmoja wa makosa pamoja na alama zake za kuongeza na kupunguza, na mwingine wa ukubwa wa makosa bila alama. Makosa yakiwa ya nasibu, wastani wa kwanza hukaribia sifuri kwa kuwa yanafutana. Yakielekea upande mmoja, wastani hizo mbili hukaribiana. Mwaka 1967, pamoja na A. G. Leach, alichukua uwiano wa wastani hizo, bila kujali alama yake, na kuufanya uwe ndio kiwango cha kujifunza. Niliiweka kanuni hiyo katika programu na kuipitisha kwenye mfano mmoja mdogo unaoweza kukokotolewa kwa kalamu.

Makisio ni 20, wastani wa makosa yenye alama ni 0.3, na wastani wa ukubwa ni 3, kwa hiyo kiwango cha kujifunza ni 0.1. Wastani zenyewe zinasasishwa kwa uzito wa 0.2. Ghafla kinakuja kipimo cha 50, na kosa ni 30. Wastani wa kwanza unapanda hadi 6.24, wa pili hadi 8.4, na uwiano wao unakuwa takriban 0.74. Kiwango hicho kipya kikitumika papo hapo, makisio yanaruka hadi karibu 42.3, na kama kipimo kile kilikuwa ajali, utabiri umeharibika. Lakini kiwango kipya kikicheleweshwa kwa hatua moja, makisio yanapanda kwa kiwango cha zamani hadi 23 tu, na uamuzi unaachiwa kipimo kinachofuata. Kikirudi 20, kosa ni hasi 3, na kwa kiwango cha 0.74 makisio yanashuka hadi karibu 20.8: ajali imesahaulika. Kikiwa 50 tena, kosa ni 27, na makisio yanaruka hadi karibu 43: dunia mpya imekubaliwa.

Ucheleweshaji wa hatua moja unafanya kazi ambayo nilidhani ingehitaji modeli kubwa zaidi. Kosa la kwanza halibadilishi imani; linabadilisha tu utayari wa kubadilisha imani. Nimeusoma mfano huu mara nyingi na bado naona ni sehemu nzuri kuliko zote katika mradi.

Wanasaikolojia walifika jirani na hapo kwa njia yao. John Pearce na Geoffrey Hall walipendekeza mwaka 1980 kwamba umakini ambao mnyama anaipa ishara hutegemea ukubwa wa makosa ya karibuni yaliyoifuata ishara hiyo: ishara ambayo matokeo yake yanajulikana vizuri haifundishwi tena haraka, na ile inayoendelea kushangaza hufundishwa upesi. Mwaka 2007 Timothy Behrens na wenzake waliwapa watu chaguo kati ya vitu viwili. Katika kipindi kimoja uwezekano wa kupata thawabu ulikaa asilimia 75, na katika kingine ulipinduka kati ya 80 na 20 kila baada ya majaribio 30 au 40. Katika kipindi cha mapinduzi watu walijifunza kwa kiwango cha juu zaidi, na shughuli katika eneo la mbele la gamba la singuleti, sehemu ya ndani ya ubongo kuelekea mbele, ilifuata makisio ya jinsi mazingira yalivyokuwa yakibadilika. Ubongo, basi, haukisii tokeo pekee. Unakisia pia kasi ambayo makisio yake yanachakaa.

Kipengele cha mwisho cha mwezi huu ni kipimio cha kosa. Philippe Tobler, Christopher Fiorillo na Schultz waligundua mwaka 2005 kwamba mwitikio wa nyuroni za dopamini unajirekebisha kulingana na upana wa thawabu zinazotarajiwa: thawabu kubwa kati ya mbili zinazowezekana iliamsha mwitikio unaofanana, hata pale kiasi halisi cha thawabu kilipotofautiana mara kumi. Kosa husomwa kwa kulinganishwa na makosa ya kawaida ya mahali pale. Watabiri wana kipimo chenye wazo hilohilo, kilichopendekezwa na Rob Hyndman na Anne Koehler mwaka 2006, ambacho hugawa makosa ya modeli kwa makosa ya utabiri mwepesi kabisa, ule unaosema kwamba kesho itakuwa kama leo. Jibu likizidi 1, modeli imeshindwa na njia isiyohitaji modeli. Kila ripoti ya programu sasa inaanza na namba hiyo.

Juni: daftari na alama zake

Kwa matukio ya ndiyo au hapana, kosa linahesabiwa kwa alama ambayo Glenn Brier aliipendekeza mwaka 1950 kwa utabiri wa hali ya hewa: chukua uwezekano uliotajwa, uondoe 1 kama tukio lilitokea au 0 kama halikutokea, kisha jibu ulizidishe kwa lenyewe. Alama ndogo ni bora. Uzuri wake ni kwamba haimlipi anayetia chumvi. Mtu anayeamini uwezekano ni 0.7 na kusema 0.7 anatarajia alama ya 0.21, akiongeza hadi 0.9 ili aonekane ana uhakika, anatarajia 0.25. Kusema anachoamini ndiyo njia yake bora.

Sababu ya kuacha kuhesabu tu mara ambazo utabiri ulikuwa sahihi inaonekana wazi katika kazi ya John Park Finley, aliyetabiri vimbunga vya tornado nchini Marekani mwaka 1884. Kati ya utabiri 2,803, uliothibitika ulikuwa 2,708, sawa na asilimia 96.6. Grove Karl Gilbert alionyesha muda mfupi baadaye kwamba kusema kila mara kwamba hakutakuwa na kimbunga kungetoa asilimia 98.2. Hata hivyo Finley alikuwa ametabiri kwa usahihi vimbunga 28 kati ya 51 vilivyotokea, kazi ambayo mtabiri wa kimya asingeifanya hata mara moja. Kipimo kibaya kilimdharau mtu mwenye ujuzi na kumtukuza asiye na wa kutoa. Nimeuweka mfano huu kwenye maelezo ya daftari ili atakayelitumia aelewe kwa nini hakuna safu ya asilimia ya usahihi.

Kuandika kabla ya tokeo nako kuna ushahidi wake. Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwaomba wanafunzi wakisie uwezekano wa matukio mbalimbali ya ziara za Rais Richard Nixon huko Beijing na Moscow mwaka 1972, kisha baadaye wakawaomba wakumbuke walichokuwa wamekisia. Kama walivyoripoti mwaka 1975, wanafunzi walielekea kukumbuka kwamba waliyapa matukio yaliyotokea uwezekano mkubwa kuliko waliokuwa wameuandika. Kumbukumbu huvuta utabiri wa zamani kuelekea kwenye tokeo, na kwa kufanya hivyo inalipunguza kosa kabla halijafundisha chochote. Nyuroni ya dopamini inayo matarajio yake wakati tokeo linapofika. Mtabiri asiye na maandishi ana matarajio yaliyokwisha kurekebishwa kinyumenyume. Kwa hiyo daftari halimruhusu mtu kufuta ingizo wala kulibadilisha. Anaweza kuongeza rekebisho jipya chini yake tu.

Julai: pande mbili za kosa

Narudi kwenye suala lililoachwa wazi mwezi Machi, kwamba kosa la upande wa hasara na la upande wa faida huenda yasipimwe kwa mizani moja. Mpe mwanafunzi wa programu, yaani nakala moja ya kanuni inayojifunza, kiwango cha 0.3 kwa makosa ya kupita matarajio na 0.1 kwa makosa ya kupungukiwa, kisha mwonyeshe tukio linalotokea nusu ya mara zote. Makisio yake yatatulia kuzunguka 0.75, wala idadi ya ushahidi haitamrekebisha, kwa sababu mizani yenyewe ndiyo iliyopinda. Michael Frank na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa unaopunguza dopamini katika ubongo, wasipokuwa wametumia dawa zinazoongeza dopamini hujifunza vizuri zaidi kutokana na matokeo mabaya, na wakiwa wametumia dawa hizo hujifunza zaidi kutokana na matokeo mema. Kupinda kwa mizani si jambo la kufikirika.

Lakini kupinda huko kunaweza kuwa na faida pale wanafunzi wanapokuwa wengi, kila mmoja akipinda kwa kiasi chake. Will Dabney na wenzake walichapisha mwaka 2020 uchambuzi wa rekodi za nyuroni za dopamini za panya, wakaonyesha kwamba nyuroni hutofautiana: baadhi hukuza makosa ya faida, nyingine makosa ya hasara, na kwa pamoja zinaweza kubeba picha ya matokeo yote yanayowezekana, si wastani wake pekee. Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Hali ya Hewa wa Masafa ya Kati hutafuta picha ya namna hiyo kwa njia nyingine: tangu mwaka 1992 kinaendesha modeli yake mara nyingi kutoka kwenye hali za kuanzia zinazotofautiana kidogo, ili mtawanyiko wa majibu uonyeshe mashaka yaliyopo.

Nimeanza kuandika toleo la programu lenye wanafunzi tisa sambamba, ambao mizani zao zinapishana kutoka wale wanaokuza hasara hadi wale wanaokuza faida, wote wakilishwa mfululizo mmoja. Tayari wanajitandaza kama inavyotarajiwa wastani unapotulia. Kazi iliyobaki ni kuwaunganisha na kiwango cha Trigg na Leach, na hapo pana ugumu ambao haujatatuliwa: mwanafunzi aliyepinda makusudi huwa na makosa yanayoelekea upande mmoja daima, na uwiano wa Trigg unausoma mwelekeo huo kana kwamba dunia imehama. Njia ninayoijaribu sasa ni kuyagawa makosa kwa mizani ya kila mwanafunzi kabla ya kuyapima, ili kinachobaki kielekee upande mmoja pale tu ambapo mfululizo wenyewe umebadilika. Majaribio ya toleo hilo yataandikwa katika ingizo linalofuata.